Sapeur Anaangalia Viatu Kwanza

Kosa lilikuwa la neno moja, na mwenye kosa ni mimi. Kabla sijaanza kazi ya kumtunza mzee mmoja, binti yake alinipigia simu akanieleza kwa Kifaransa: baba yangu amevuka miaka tisini, anakaa ghorofa ya tatu kule Ganshoren, hapa Brussels, lifti hataki hata kuisikia, kahawa anakunywa bila maziwa, na zamani alikuwa sapeur. "Il est décoré," akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Maana yake, amepewa nishani.

Sasa mwambie Mkongo neno sapeur, uone atakavyonyoosha shingo. Kwetu sapeur ni mwanaume wa mavazi, yule aliye tayari kulala njaa ili suti yake ilale vizuri. Kitambaa anakijua kwa kukigusa, fundi anamjua kwa mshono, na akipita mtaani watu wanatoka madukani kumwangalia. Sapeur Mzungu, tena mzee, tena mwenye nishani? Nilimpigia tonton papo hapo. Tonton ni mdogo wake mama yangu. Siku za kazi anapaka rangi nyumba za watu, na Jumapili Koekelberg nzima inajua kwamba ametoka nje.

"Eh! Muzungu iko sapeur, na bamemupa décoration?" Tonton akashusha sauti. "Bon, sikia. Usiende kutuletea haya kule. Ile raba yako ya kazi, acha. Sapeur anaangalia viatu kwanza."

Nikaenda Ganshoren na viatu vya visigino virefu, vile nilivyovaa kwenye ubatizo wa mwanangu, na skafu ya hariri ya tonton shingoni. Nilipanda ghorofa tatu huku vidole vinalia. Mlango ukafunguka, na mbele yangu akasimama mzee mfupi, suruali ya michezo imetoboka magoti, soksi moja ya kijani na moja ya kahawia, sweta ambalo hata nondo wangelikataa. Usoni hakuniangalia. Aliinama polepole, akachunguza viatu vyangu upande huu na upande ule, akatikisa kichwa.

"Visigino hivi," akasema, "vinaweka uzito wote mahali pamoja. Ungekuwa wa kwanza kulipuka."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba kuna sapeur wa aina nyingine: fundi wa jeshi, anayetega na kutegua mabomu ya ardhini, anayefunga daraja majini huku anapigwa risasi ili wengine wavuke. Huyu alikuwa wa jeshi la Wasovieti, katika ile Vita Kuu ya Pili, na aliingia hata ndevu hajaota. Lakini tonton hakukosea hata kidogo: sapeur anaangalia viatu kwanza. Nilicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Tangu siku ile tukamwita Papa Sapeur, naye akaitika.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, Ubelgiji alifikaje, hayo yamo kwenye dossier, faili la ofisi, na mimi na dossier hatupatani. Kwa miaka sita nilimwosha mgongo, nikampikia, nikagombana naye. Ninayoyajua ni ya huko.

Juu ya mlango wake, kwa ndani, palikuwa na maandishi ya chaki, herufi za kwao. Mimi ni Mkatoliki wa Bukavu. Padri akibariki nyumba sikukuu ya Wafalme Watatu, anaandika juu ya mlango kwa chaki. Basi kila asubuhi nikiingia nilifanya ishara ya msalaba. Papa Sapeur alinitazama miezi miwili bila kusema neno. Siku moja akaniuliza kwa adabu, maman, huwa unaomba nini pale? Nikamjibu kwamba nashukuru baraka ya nyumba. Alicheka mpaka ikabidi nimpigepige mgongo. Kumbe yale maandishi yalisema: *Min nyet*. Hakuna mabomu. Zamani zile, kikosi chake kikimaliza kupekua nyumba au shamba, mmoja wao aliandika hivyo ukutani, na chini yake akaweka jina lake.

"Jina la nini tena?"

"Ili wakilipuka wajue wa kumlaani."

Halafu akaacha kucheka, akainua kidole. "Na jina peke yake halitoshi. Aliyeandika ndiye anayepita kwanza. Mtu akikwambia njia ni safi, na yeye amesimama pembeni, usimwamini."

Mimi niliendelea na ishara yangu ya msalaba. Huko nilikotoka, nyumba isiyo na mabomu ni baraka tosha, padri aje asije.

Kiswahili alijifunza neno moja tu, lakini alilitumia kuliko mimi. Kila asubuhi nikifungua mlango nilikuwa naita, "Papa, uko?" Siku moja akaniuliza, neno gani kwenu linasema jambo halijaisha, lakini litakuja? Nikampa *bado*. Wee! Alilipokea kama mtoto aliyepewa pipi. Umekunywa dawa, Papa? Bado. Umeoga? Bado. Daktari akimuuliza kama maumivu yamekwisha: bado. Hata mimi nikiita kutoka mlangoni, "Papa, uko?" alijibu kwa sauti kubwa kutoka chumbani, "Bado!" Sikuwahi kujua kama anasema bado yupo au bado hajafa, na nilipomuuliza akasema Kiswahili ni lugha ya watu wenye akili, haiwalazimishi kuchagua.

Alikuwa na msemo wa wenzake wa kazi: sapeur anakosea mara moja tu. Msemo mzuri, lakini mwenyewe alikuwa anakosea kutwa. Alitia chumvi kwenye kahawa, akaiosha miwani kwa siki, akampigia simu mchinjaji akidhani ni binti yake na kumwambia anampenda sana. Nikimsuta, "Papa, sapeur anakosea mara moja tu," alijibu kwamba hilo halikuwa kosa, lilikuwa upelelezi.

Na mambo yake yalikuwa hayaingiliani. Mtu aliyelala kifudifudi juu ya mabomu alikuwa anaogopa lifti. "Ni sanduku ambalo sikulitega mimi," basi, habari imeisha. Vifurushi vya posta alivifungua kwa kamba ndefu akiwa amesimama jikoni, hata kama ndani ni soksi alizotumiwa na binti yake. Lakini nyuki aliwashika kwa mkono akawatoa dirishani, huku akiwabembeleza.

Siku niliyompenda hasa ni siku ya hereni. Nyuma ya jengo lao kuna uwanja wa majani, na hereni yangu ilidondokea huko, hereni ya marehemu mama, kitu pekee nilichotoka nacho Bukavu. Nililia kama mtoto. Papa Sapeur akashuka ngazi zote tatu na sindano ndefu ya kufumia mfukoni na kamba ya kuanikia nguo begani. Akaugawa uwanja kwa kamba, vijia vyembamba kama matuta ya mboga, akapiga magoti, akaanza kudunga ardhi. Hakudunga kwa kusimamisha sindano. Aliilaza, polepole, akisikiliza kwa vidole. "Ukisimamisha, bomu unamgonga kichwani," akaniambia. "Ukilaza, unamgusa ubavuni, naye halalamiki." Binti yake alikuwa anapiga kelele kutoka dirishani: Papa, magoti yako! Papa, majirani! Yeye akaendelea kudunga. Robo saa baadaye alikuwa ametoa kifuniko cha bia, mkono wa mdoli, ufunguo wenye kutu, na hereni ya mama yangu. Akaipangusa kwa sweta lake bovu akanivisha mwenyewe. Nilimbusu paji la uso, akaona haya.

Sasa nishani. Hapa inabidi niseme ukweli. Mtu wa kwetu Kivu akiona mwanajeshi mwenye vyuma kifuani, hapigi makofi. Anaficha kuku. Miezi ya kwanza sikutaka hata kulifungua lile kabati lenye koti. Ni yeye aliyelifungua, siku ya mvua, akaniwekea koti kitandani, la sufu, rangi ya majivu, zito kama mtoto wa miaka miwili.

Nyingi za zile nishani aliziita za biskuti. "Hizi ni zawadi za kuzeeka. Kila baada ya miaka kadhaa wanakumbuka hujafa, wanakupa nyingine." Moja alikuwa ameiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni isiyumbe. Lakini mbili hakuzitania. Moja ni nyota nyekundu inayofungwa kwa skrubu, lazima utoboe koti ili uivae. Alipewa kwa daraja: walisimama ndani ya maji ya barafu wakishikilia mbao kwa mabega ili magari yapite juu yao. Ndiyo sababu hataki kuguswa mabega. Nyingine ya fedha, ina picha ya kifaru cha vita juu yake, ni ya ujasiri. "Hii haitolewi ofisini," akasema, na akaigeuza isitutazame.

Nikamuuliza alitegua mangapi. Akasema hakumbuki, na kwamba swali zuri ni lile jingine: alitega mangapi. "Niliyotega nilichora ramani. Ramani ziliungua ndani ya lori. Kuna mashamba kule sijui nani aliyalima." Nilikaa kitandani karibu yake, karibu na koti, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma mwanajeshi. Sikudhani itakuja kunitokea.

Zamani, kila mwaka ulipofika mwezi wa tano, siku ya ushindi wa vita vyao, alikuwa analivaa koti lile akatembea mpaka Basilika ya Koekelberg na kurudi. Basi, hilo tu. Lakini vita vilipowaka tena kule kwao, binti yake alifunga kabati akaweka ufunguo kwenye mkoba wake. Si mtu mbaya, binti yake. Alikuwa anaogopa. "Barabarani watafikiri unashangilia vita hivi vya leo," alimwambia mbele yangu. "Na ghorofa ya pili kuna maman aliyekimbia mabomu ya vita hivi hivi, yeye na mtoto wake. Unataka akuone hivyo kwenye ngazi?"

Papa Sapeur hakubisha. Yule maman wa ghorofa ya pili alikuwa anambebea mzee mfuko wa viazi kila Ijumaa, naye mzee alimfundisha mtoto wake kupiga mluzi. Lakini alivyokonda kwa ajili ya lile koti, niliona. Nguo zililegea, uji ukawa unarudi jikoni. Siku moja nikimkata kucha akaniambia: "Sitaki kulivaa kwa ajili ya rais yeyote. Kikosini tulikuwa wa kila kabila, mmoja wa Kiev, mmoja wa Tbilisi, mmoja Mkazakh. Wajukuu wao leo wanategeana mabomu. Wale wenzangu hawana pengine pa kutundikwa. Mimi ndiye msumari wa mwisho. Nataka kulivaa mara moja tu, nimesimama kwa miguu yangu, mbele ya watu wasionichukia. Halafu basi."

Brussels hii, watu wasiomchukia mzee mwenye nishani za Kisovieti utawapata wapi? Nilifikiri wiki nzima, halafu nikajipiga kofi pajani. Si kwa masapeur wetu wa mavazi!

Tonton alikuwa anatimiza miaka sitini, na ukumbi ulishakodiwa, nyuma ya Basilika. Nikamleta Ganshoren amwalike mwenyewe. Alikuja na suti nyeupe, kofia nyeupe, fimbo. Papa Sapeur akafungua mlango, na wote wawili, nakuapia, wakaangaliana viatu.

"Bien," akasema Papa Sapeur. "Soli pana."

"Merci, Papa," akasema tonton, kifua mbele.

Binti yake alikuwepo. Alitusikiliza, akafikiri, akatoa ufunguo kwenye mkoba. Tonton akalizunguka lile koti kama mnunuzi wa ng'ombe. Alipoona tundu la skrubu kwenye sufu nzuri namna ile nusura azimie. Halafu akauliza swali ambalo masapeur wote wanauliza, jina la mshonaji: "Papa, hii griffe ya nani?"

Papa Sapeur akafungua koti, akaonyesha bitana. Mahali pa lebo palishonwa, kwa uzi mwekundu, viganja viwili vidogo. Kimoja kizima, na kingine kimebaki na kidole gumba peke yake. "Alikuwa mwenzangu kikosini," akasema. "Alikosea mara moja. Vita vilipoisha akajifunza ushonaji kwa vidole sita vilivyobaki. Hili ndilo koti lake la kwanza."

Tonton alivua kofia. Hata kanisani sijamwona anaivua haraka vile. "Papa," akasema, "mimi niko na Italie kwa mwili, niko na Paris kwa miguu. Griffe kama hii sina. Utakuja samedi, na utaingia wa kwanza, mbele ya bote."

"Lakini si kwa kiti cha magurudumu," akasema mzee. "Koti hili halivaliwi mtu amekaa."

Jumatatu ya wiki ile ya sherehe akaanguka bafuni. Mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu, lakini alipelekwa hospitali kule Woluwe, upande wa pili wa mji. Na huko akagoma. Kukaa anakaa, kula anakula, kusimama hataki. Jumatano hataki, Alhamisi hataki. Daktari akamwambia binti yake wazi: asipotembea mwenyewe kutoka kitandani mpaka mwisho wa korido, nyumbani harudi, atapelekwa nyumba ya wazee kwenye kiti.

Jumamosi mchana tulikuwa ukumbini. Vinywaji vinamiminwa, masapeur wamepanga foleni ya kuingia, na nafasi ya kwanza tonton ameiacha wazi, hataki mtu asimame hapo. Simu yangu ikalia. Binti yake alikuwa analia. "Anasema korido haijapekuliwa. Manesi wanadhani akili imepotea."

Akili haijapotea. Nilielewa mara moja. Alianguka mahali alipopaona pa kawaida, sasa sakafu yote haiamini. Nikamwambia tonton, naye akaacha keki yake, wageni wake na miaka yake sitini, akachukua ufunguo wa gari. Tulipitia Ganshoren nikachukua koti na sindano ya kufumia.

Papa Sapeur alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na gauni la hospitali, lile linalofungwa kamba mgongoni, miguu mitupu inaning'inia. Alikuwa amepungua. "Papa, uko?" nikauliza. Hakujibu, na kwa miaka sita hajawahi kuacha kujibu.

Basi nikapiga magoti. Gauni langu la sherehe, la kitenge na shanga, chini kwenye sakafu ya hospitali. Nikalaza sindano, nikaanza kupitisha pale vigae vinapoungana, kijia kimoja, halafu cha pili, kutoka miguuni pake mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka koridoni. Sikuruka hata kigae kimoja. Nesi mmoja kijana akasimama mbele yangu. "Madame, umepoteza kitu?"

"Bado," nikamjibu, nikaendelea.

Nilifika mwisho wa korido, dirishani, jasho linanitoka. Nikasimama. Halafu nikarudi kwa miguu, katikati kabisa, nikikanyaga kwa nguvu ili asikie, ko, ko, ko, mpaka mbele yake. "*Min nyet*, Papa," nikasema. "Na nimepita mimi kwanza."

Aliinua kichwa. Hakuniangalia uso. Aliangalia viatu vyangu, vilevile vya siku ya kwanza, kwa maana nilitoka kwenye sherehe.

"Na visigino hivyo?"

"Na visigino hivi."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi, Papa."

"Alors, basi ni kweli," akasema, akanyoosha mikono. Binti yake alimvisha koti juu ya gauni la hospitali, polepole, bila kumgusa mabega, akakaza skrubu ya ile nyota kwa vidole vyake mwenyewe huku machozi yanamdondoka. Mzee akasimama.

Tonton alikuwa anamngoja mwisho wa korido, kofia kifuani. Papa Sapeur alikuja, hatua kwa hatua, nishani zinagongana, na wagonjwa wakaanza kutoka kwenye vyumba vyao, mmoja na dripu yake, mwingine na gongo, wakasimama milangoni kumwangalia anavyopita. Tonton alimpima kwa macho kama sheria inavyotaka, kuanzia chini, akakuta zile nyayo tupu.

"Papa," akasema, huku analia na kucheka, "na viatu?"

"Bado," akajibu Papa Sapeur, akampita.